Uwiano wa Elementi na Hesabu ya Mfuko wa Mbolea

Elementi za kemia haziungani kiholela. Kila kampaundi ina uwiano wake wa uzito, nao haubadiliki. Sukari ya miwa ya Nzoia, Bungoma, ikishasafishwa kabisa, ina asilimia 42 ya kaboni, sawasawa na sukari ya viazisukari vya Ulaya. Kanuni hii ilitetewa na mwanakemia Mfaransa Joseph Proust mwishoni mwa karne ya 18. Baadaye Mwingereza John Dalton alieleza sababu yake: atomi huungana kwa idadi kamili, na atomi za kila elementi zina uzito wake.

Mkulima wa mahindi wa Kitale huikuta kanuni hiyo kwenye mfuko wa mbolea ya yurea, ulioandikwa 46, yaani asilimia ya naitrojeni. Molekuli ya yurea ina atomi 1 ya kaboni yenye uzito wa 12, 1 ya oksijeni (16), 2 za naitrojeni (14 kila moja) na 4 za haidrojeni (1 kila moja). Jumla ni 60, na katika hiyo naitrojeni ni 28, yaani karibu asilimia 46.7. Hakuna kiwanda kinachoweza kuipandisha yurea juu ya hapo.

Mbolea ya CAN ni habari nyingine. Ndani yake mna amonia nitrati, kampaundi yenye asilimia 35 ya naitrojeni, iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa hadi ikashuka kufikia 26 au 27. Huo ni mchanganyiko, na vipimo vya mchanganyiko huamuliwa na mtengenezaji.

Kwenye mbolea ya DAP, iliyoandikwa 18-46, lipo jambo linalopotosha wengi. Ile 46 si fosforasi tupu. Kwa desturi ya zamani, fosforasi huhesabiwa pamoja na oksijeni, atomi 2 kwa 5, na katika uwiano huo fosforasi ni 62 tu kati ya 142. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una karibu kilo 10 za fosforasi, wala si 23. Desturi hiyo ingefaa iachwe.

Kwa mbolea ya kukuzia, mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 za naitrojeni, na wa CAN ya 26 una kilo 13. Yurea huuzidishia udongo asidi kuliko CAN, na hilo lina uzito kwenye mashamba yenye asidi ya Trans Nzoia na Bungoma. Lakini kwanza mnunuzi agawanye bei ya kila mfuko kwa kilo zake za naitrojeni, ndipo alinganishe.