Kuvua Kabureta na Kufunga Nozeli (Sehemu ya Pili): Injini Iwe Tayari Kwanza

Katika sehemu ya kwanza tulitazama yanayoisibu injini ya petroli ya zamani kwenye milima yetu. Nirudie kwa ufupi kwa ajili ya aliyekosa gazeti la wiki iliyopita. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Bukoba mjini ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Kabureta haina namna ya kulijua hilo. Hewa ikipungua uzito kwa asilimia 10, petroli inayofyonzwa kwenye jeti hupungua kwa asilimia 5 hivi tu. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinashika masizi, na mafuta yanateketea bure. Ukitoka Muhutwe kupandisha Kamachumu hewa inazidi kuwa nyepesi, na bakuli la kabureta linainama pamoja na gari hadi boya linashindwa kupima sawasawa. Ukisimama juu kupumzisha injini, petroli inachemka bakulini, na kuwasha tena kunakuwa kazi.

Dawa yake ni nozeli moja au mbili zilizokaa juu ya manifoldi, mahali palepale pa kabureta, ambazo hazina bakuli wala boya. Kompyuta ndogo inasoma shinikizo la hewa ndani ya manifoldi, inasoma joto na mzunguko wa injini, kisha inafungua nozeli kwa milisekunde chache tu. Hiyo ndiyo throto bodi yenye nozeli. General Motors waliifunga kwenye malori yao mepesi kuanzia miaka ya 1980, na ile ya injini yao ya V6 ya lita 4.3 inakaribiana sana kwa ujazo na 2F ya Toyota, yenye silinda 6 na lita 4.2, ambayo ndiyo ninayoifikiria katika makala haya yote. Land Cruiser pikapu zenye injini hiyo zimebeba ndizi na magunia ya kahawa kwa miaka mingi, na bado zinastahili kutunzwa.

Leo sitagusa waya hata mmoja wa kompyuta. Nataka kwanza tuzungumzie injini yenyewe, kwa sababu mfumo huu unategemea vipimo, na injini mbovu hutoa vipimo vya uongo. Mwenye gari anayetumia fedha za msimu mzima wa kahawa kuagiza vifaa hivi kutoka ng'ambo ana haki ya kuambiwa mapema kile kitakachomkwamisha.

Nianze na thamostati, maana hapa ndipo wengi wataumia. Magari mengi kuukuu hayana. Injini ilichemka siku moja, fundi akafungua nyumba ya thamostati pale mbele ya kichwa cha injini, akaitoa, akarudisha gasketi na boliti, na tatizo likaonekana limekwisha. Kwa kabureta mtu anaweza kuishi hivyo miaka kumi. Injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula petroli kiasi zaidi, na hakuna anayelalamika. Kwa nozeli ni balaa. Kompyuta ina kihisi kilichozama kwenye maji ya injini, na ukinzani wake hushuka kadiri maji yanavyopata moto. Maji yakiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli, kazi ileile ya choki. Sasa chukua gari lisilo na thamostati, asubuhi ya mvua za Aprili, linatoka Nshamba kuelekea Kemondo. Kwenye miteremko maji hayafiki hata nyuzi 70. Safari nzima kompyuta inaamini injini ndiyo kwanza imewashwa, inamimina petroli, na petroli ile inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu. Ukichomoa dipustiki, oili ni nyepesi na inanuka petroli. Lawama zote zitaangukia nozeli, ilhali hazina kosa lolote.

Kwa hiyo rudisha thamostati, na ile ya nyuzi 82 inafaa. Ijaribu kabla ya kuifunga: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uangalie ulimi wake unaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi. Injini ikichemka baada ya hapo, tafuta sababu iliyofichwa siku ile: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, feni, au kifuniko cha rejeta chenye springi iliyochoka. Hicho kifuniko msikidharau. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko ndilo linalotupa nafasi ya kupumua.

La pili ni eksozi. Kihisi cha oksijeni kinachofungwa kwenye bomba, karibu na manifoldi ili kipate moto wa kutosha, hupeleka kwa kompyuta volti ndogo sana: karibu 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito, karibu 0.1 ukiwa mwepesi. Kompyuta inaongeza na kupunguza petroli ikitafuta katikati, pale kilo 1 ya petroli inapokutana na kilo 14.7 za hewa. Manifoldi ya eksozi ikiwa na ufa, au gasketi yake ikivuja, hewa ya nje inavutwa ndani kati ya mipigo ya moshi. Kihisi kinaona oksijeni nyingi na kuripoti kwamba petroli haitoshi, na kompyuta inatii. Gari linazidi kunywa kwa sababu ya tundu ambalo sikio halilisikii. Pitisha maji ya sabuni kwenye maungio yote, injini ikiwa baridi, mwenzako akipuliza hewa ya kompresa kupitia nyuma ya bomba. Panapotoa povu ndipo panapovuja.

Pima pia mgandamizo wa silinda zote. Geji itasoma chini ya namba ya kitabu kwa zaidi ya asilimia 10, na hilo lisikushtue: ni mwinuko wetu. Kinachotafutwa ni silinda kukaribiana. Ukikuta moja iko chini kabisa kuliko wenzake, ahirisha mpango huu na fedha zipeleke kwenye ringi na valvu. Katika hili sina msamaha, kwa sababu nozeli haiponyi silinda iliyokwisha.

Umeme nao una masharti yake. Kabureta na pampu ya zamani inayosukumwa na kemshafti hazihitaji betri, ndiyo maana gari hilo huwaka kwa kusukumwa. Ukifunga nozeli, betri iliyokufa kabisa inamaanisha pampu ya umeme ya petroli haizunguki, na vijana wa kusukuma hawatasaidia. Starta inapovuta, betri isishuke chini ya volti 10. Injini ikiwa inaunguruma, alterneta itoe kati ya 13.8 na 14.4. Waya wa ethi kati ya injini, chesisi na betri ufunguliwe, usuguliwe hadi chuma king'ae, ufungwe upya. Halafu waya za plagi: zile zenye shaba tupu ndani hutoa kelele za umeme zinazoichanganya kompyuta, ambayo inahesabu mzunguko wa injini kutoka kwenye koili. Weka zenye kiini cha kaboni, pamoja na plagi zenye rezista. Na kama distributa bado ni ya platini, huu ndio wakati wa kuiacha, maana platini zikilika na kuruka, hesabu ya mzunguko nayo inaruka.

Tangi limebaki. Petroli iliyopitia madumu huacha kutu, mchanga na maji chini ya tangi, na kabureta huyavumilia mengi ambayo tundu la nozeli haliwezi. Tangi lishushwe, lioshwe, likaushwe juani. Wakati liko chini, litobolewe tundu la bomba la kurudishia mafuta. Kulichomelea lazima kusubiri hadi mvuke wote wa petroli uishe, na fundi asiyejua namna ya kuutoa asiliguse. Wiki ijayo tutaanzia kwenye bomba hilo, kisha pampu ya umeme na rilei inayoizima injini inapozimika.