Kuuza kwa intaneti: Mzigo uliorudi ndio unaokula mtaji

WAFANYABIASHARA wadogo wanaotaka kuanza kuuza bidhaa kwa njia ya intaneti wanashauriwa kupiga hesabu ya mizigo itakayorudi kabla ya kuhesabu faida. Kufungua duka la aina hii hakugharimu sana, lakini kila mzigo unaokataliwa na mteja humega mtaji.

Jijini Dar es Salaam, njia hii imewavutia wengi kwa kuwa haidai kodi ya fremu. Muuzaji hununua bidhaa kwa bei ya jumla Kariakoo, huzipiga picha na kuziweka Instagram au WhatsApp. Mteja akiagiza, bodaboda humpelekea. Kulipana nako kumekuwa rahisi tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 na huduma nyingine za fedha kwa simu zikaenea.

Hata hivyo, mtaji mkubwa peke yake si kinga. Jumia, kampuni ambayo hisa zake zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la New York Aprili 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba mwaka huo huo, ikaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Kwa mwenye laki sita, nafasi ya kukosea ni finyu zaidi.

Mfano wa hesabu

Muuzaji mwenye mtaji wa Sh. 600,000 ananunua mikoba 25 kwa Sh. 20,000 kila mmoja, jumla Sh. 500,000. Anaiuza kwa Sh. 30,000. Harakaharaka anaona faida ya Sh. 10,000 kwa mkoba, yaani Sh. 250,000 kwa mzigo wote.

Gharama zake ni hizi: matangazo Sh. 50,000, bando la simu Sh. 20,000, na vifungashio Sh. 1,000 kwa kila mkoba, ambavyo ni Sh. 25,000. Jumla ni Sh. 95,000, bila kuhesabu muda wake wala makato ya kutoa fedha.

Utaratibu uliozoeleka ni mteja kulipia bidhaa na nauli pindi mzigo unapomfikia. Akiukataa au akizima simu, bodaboda humdai muuzaji nauli ya kwenda na kurudi. Ikiwa kila safari ni Sh. 4,000, mkoba uliorudi umekula Sh. 8,000.

Wateja watano kati ya 25 wakikataa, mikoba 20 iliyouzwa inaleta Sh. 200,000 juu ya bei ya kununulia. Ukitoa gharama za Sh. 95,000 na nauli za Sh. 40,000, inabaki Sh. 65,000. Hiyo ni Sh. 3,250 kwa mkoba, si Sh. 10,000. Zaidi ya hapo, Sh. 100,000 ya mtaji imelala ndani ya mikoba mitano iliyorudi.

Wakikataa tisa, faida ya awali ni Sh. 160,000, gharama ni Sh. 95,000 na nauli Sh. 72,000. Hapo muuzaji amepata hasara ya Sh. 7,000, ingawa simu yake ilikuwa ikiita kutwa nzima.

Nauli ilipwe mwanzo

Dawa ya kwanza ni mteja kulipa nauli ya kwenda kabla pikipiki haijaondoka. Kwa hesabu ile ile ya mikoba tisa iliyorudi, muuzaji angepoteza Sh. 36,000 tu za kurudisha, na angebaki na faida ya Sh. 29,000. Tena, aliyekwisha kutoa nauli hakatai mzigo ovyo. Kwa mizigo ya mikoani inayosafirishwa kwa basi, malipo yote yatangulie, na picha ya risiti ya basi itumwe kwa mteja.

Lakini wanunuzi nao wana hofu, kwani wengi wameshatuma fedha na wasione bidhaa. Kwa hiyo muuzaji hana budi kujenga imani. Picha ziwe za bidhaa aliyonayo mkononi, vipimo vitajwe, na bei iandikwe wazi badala ya mteja kuambiwa aulize faraghani. Lipa namba yenye jina la biashara humtuliza mnunuzi kuliko namba ya simu ya mtu asiyemjua.

Sheria nayo inaelekea huko huko. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji aeleze jina lake, anwani yake na bei kamili ya bidhaa. Namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na TRA, jina la biashara husajiliwa BRELA, na leseni ya biashara ya kawaida huombwa halmashauri.

Anayeanza ni vema achague aina moja ya bidhaa, anunue kidogo, na aweke daftari lenye safu tatu: iliyotumwa, iliyolipwa na iliyorudi. Safu ya tatu ikianza kuzidi theluthi ya ile ya kwanza, kama ilivyokuwa katika mfano wa mikoba tisa, asimamishe matangazo na kurekebisha utaratibu wake kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.