Uchafu Hutoka Wakati wa Kusuuza

Udongo wa Kangundo, huku Ukambani, ni mwekundu na hauna huruma kwa soksi nyeupe. Mtoto akirudi kutoka shuleni jioni, soksi na kola ya shati zimeshabadilika rangi, na Jumamosi ndiyo siku ya kuzikabili: karai la kufulia, beseni la kusuuzia, na mitungi michache ya lita 20 ambayo imetekwa mbali au imenunuliwa. Hapo sifa zote huiendea sabuni. Povu likijaa, tunaona kazi imefanyika. Maji ya kusuuza hukumbukwa mwisho, na ukame ukibana ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Nguo za nyumba nzima hupitishwa katika beseni lilelile mpaka maji yanafanana na maziwa.

Mwaka 2018 watafiti watatu walichapisha utafiti katika jarida la fizikia la Physical Review Applied, na matokeo yake yanagusa beseni hilo moja kwa moja. Walikuwa Sangwoo Shin wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Patrick Warren wa maabara ya kampuni ya sabuni ya Unilever kule Uingereza, na Howard Stone wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Walitaka kujua jambo ambalo ungedhani lilishajulikana zamani: uchafu uliozama ndani ya uzi hutokaje?

Uzi wa pamba ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Unapofikicha shati, maji hupita kwa kasi kati ya uzi na uzi, lakini ndani ya uzi wenyewe hutuama. Chembe ya udongo yenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita ikishaingia humo, mikono haiifikii. Ingebaki kutangatanga yenyewe hadi ibahatike kutoka, na kwa hesabu za fizikia safari hiyo ni ya saa nyingi. Lakini kila mtu anajua nguo hutakata kwa dakika. Kuna kitu kinachoisukuma chembe hiyo, na watafiti walikikuta kwenye kusuuza.

Sabuni ya unga ikiyeyuka, molekuli zake hugawanyika: upande mmoja sodiamu yenye chaji chanya, upande wa pili kipande kirefu chenye mkia wa mafuta na chaji hasi. Nguo iliyojaa maji ya sabuni ikitiwa katika maji safi, sabuni iliyo ndani ya uzi huanza kutoka kuelekea kwenye maji safi. Sodiamu ni ndogo na nyepesi, hivyo hutangulia. Kile kipande kirefu hujikokota nyuma. Kwa kuwa chaji hizo mbili zimeachana kidogo, huzuka nguvu ndogo ya umeme ndani ya uzi. Chembe za uchafu, ambazo katika maji ya sabuni kwa kawaida huwa na chaji hasi, huvutwa na nguvu hiyo kuelekea nje, zikiifuata sodiamu. Kazi ya saa hugeuka ya dakika.

Sharti la mchezo wote huo ni tofauti: sabuni iwe nyingi ndani ya uzi na chache nje. Beseni likishakuwa na sabuni kama ile iliyo ndani ya nguo, hakuna kinachotangulia wala kinachovutwa, na uchafu hubaki ulipo. Wakulima wa kahawa wa Kangundo wanalijua jambo linalokaribia hili bila kufundishwa fizikia. Kahawa iliyochachushwa kiwandani ikioshwa kwa maji yaliyokwisha kutumika, ute hauishi. Ikipata maji mapya, punje hukwaruza mkononi, na hapo ndipo husemwa imeoshwa.

Basi maji yakiwa machache, yagawanywe vipi? Chukua nguo zilizobeba lita 2 za maji ya sabuni, nawe una lita 8 za kusuuzia. Ukizimwaga zote mara moja, sabuni hupungua hadi moja ya tano ya nguvu yake ya mwanzo. Ukisuuza mara mbili kwa lita nne nne, ukizikamua nguo katikati hadi zirudi kwenye lita 2, hubaki moja ya tisa. Sasa kamua kwa nguvu zaidi, nguo zibaki na lita 1 tu kila mara: kwa maji yaleyale lita 8, hubaki moja ya ishirini na tano. Hakuna tone lililoongezwa. Kwa maoni yangu, mama fua anayekamua sana kabla ya beseni la pili anastahili malipo zaidi kuliko anayetumia sabuni nyingi, ingawa mwenye nyumba hupenda kuona povu.

Mashine za kufulia tukizitazama kwa jicho hilo, tofauti zake hueleweka haraka. Ile ya zamani ya mlango wa juu, yenye mti wa kusukasuka katikati, hujaza pipa na yaweza kutumia hadi lita 150 kwa fuo moja. Ya mlango wa mbele huziinua nguo na kuziangusha katika maji kidogo, hutumia takriban lita 50, kisha husuuza mara mbili au tatu na kuzungusha kwa kasi katikati. Huko kuzungusha ndiko kukamua kwake, na ndiyo sababu hufanya mengi kwa maji machache. Ila ukiitilia sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, povu hujaa pipa, nguo huanguka juu ya povu badala ya maji, na kusuuza huharibika. Sabuni ya mashine hutengenezwa makusudi isitoe povu jingi.

Ulaya walifika mahali pa kulipima jambo hili. Tangu Machi 2021, mashine za kufulia za nyumbani zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kuacha zaidi ya gramu 5 za kiambata kikuu cha sabuni katika kila kilo ya nguo. Ufuaji wenyewe hupimwa kwa vitambaa vilivyopakwa damu, kakao, divai nyekundu, masizi yenye mafuta ya mashine, na mafuta ya ngozi. Udongo mwekundu haumo.

Kwa nyumba ya Kangundo, mashine ya mlango wa mbele ina shida nyingine: shinikizo la maji. Vijitabu vyake mara nyingi hudai angalau baa 0.3 au 0.5. Tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya mashine hutoa takriban baa 0.3, mita 5 ndizo hutoa 0.5. Pima urefu wa stendi ya tangi kabla ya kulipa. Ile ya mapipa mawili, ambayo wauzaji huiona ya kizamani, hujazwa hata kwa ndoo, haisumbuliwi na shinikizo, na pipa lake la pili hukamua vizuri sana. Kinachohitajika ni wewe kuhamisha nguo: fua, kamua, suuza, kamua, suuza tena. Stima ikipotea, hutoki kapa, kwani maji unaweza kuyamwaga mwenyewe. Mimi ningenunua hiyo.

Kuna na maji yenyewe. Maji ya visima virefu huku Ukambani mara nyingi huwa na chumvichumvi na kalisiamu. Sabuni ya kipande ikikutana na kalisiamu hufanya utando wa kijivu unaong'ang'ania kitambaa, nalo shati jeupe hufifia mwaka hata mwaka. Ukiwa na maji ya mvua kutoka kwenye mabati, hata ndoo moja, yatumie kwa suuzo la kwanza, kabla nguo iliyojaa sabuni haijaguswa na maji ya kisima. Suuzo la mwisho laweza kuwa la kisima. Maji yake hayana haja ya kumwagwa, kwani yatafulia nguo za shambani zinazofuata bila kuzidhuru.

Na kama unataka kujua mashine, au mikono yako, imesuuza sawasawa, chukua soksi moja iliyokwisha kufuliwa, itie kwenye chupa ya maji safi na uitikise. Likipanda povu linalokaa, kuna sabuni iliyosalia, na pengine udongo pia.