Siri ya Kadi ni Amana, Isigeuzwe Akiba

Katika mtaa wa Rohero, penye mabenki na maduka ya katikati ya jiji la Bujumbura, noti za faranga zingali zikipita mkono kwa mkono. Hata hivyo, mgeni afikapo hotelini huweza kutoa kadi ya benki. Mashine huisoma, malipo hupita, naye huondoka na risiti yake. Je, nambari ya kadi ile imebaki wapi?

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Lakini si kila akiba ni baraka. Askari aliyewahi kulinda ghala la silaha anajua kwamba kila sanduku linaloongezwa humo huzidisha tamaa ya adui na mzigo wa mlinzi. Nambari za kadi za wateja ni ghala la namna hiyo.

Mnamo Januari 2007, kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ilitangaza kuwa wezi walikuwa wameingia katika kompyuta zake. Uchunguzi ulionyesha kuwa walianza mwaka 2005, na kwamba kadi zisizopungua milioni 45.7 zilihusika. Hawakuvunja mlango: walipenya kupitia mtandao usiotumia nyaya, ambao kinga yake ilikuwa dhaifu. Wakaguzi wa serikali ya Kanada walieleza kuwa kampuni ilikusanya habari nyingi mno na kuziweka kwa muda mrefu mno.

Karibu na kwetu, nchini Uganda, Oktoba 2020, ilishambuliwa Pegasus Technologies, kampuni iliyounganisha malipo baina ya mabenki na kampuni za simu. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilisimamisha kwa muda baadhi ya huduma. Hazikuwa kadi, bali funzo ni lile lile: mteja huiamini benki yake, kumbe fedha zake hupitia mikononi mwa mtu wa tatu asiyemjua.

Dawa ipo. Tangu mwaka 2004, Visa, MasterCard na wenzao wamekuwa na kanuni moja ya usalama. Kanuni hiyo yakataza kuhifadhi zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Nambari ndefu, ikilazimu kuwekwa, sharti igeuzwe fumbo lisilosomeka. Aidha, mfanyabiashara aweza kutumia nambari ya badala, ambayo mwizi akiipata haimfai kitu.

Basi mwenye hoteli asinakili kadi ya mgeni katika daftari la mapokezi, wala wakala wa safari asiitishe picha yake kwa simu. Mteja naye asione haya kuuliza: “Mnaiweka ya nini, na hadi lini?” Asiyepata jibu na alipe taslimu.

Ulinzi bora hauanzi kwa kufuli. Huanza kwa kupunguza kinacholindwa, maana kisichokuwamo ghalani hakiibiwi.