Kuchagua Chuo cha Kusomea Saikolojia

 Leo tunazungumza na vijana waliopata C+ au zaidi katika KCSE na wanaotaka kusomea saikolojia, pamoja na wazazi watakaolipa karo kwa pesa za majani chai.

Kwanza tuelewane. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo na vipimo. Shahada ya kwanza huchukua miaka minne, nayo ni mlango tu. Anayetaka kuwatibu wagonjwa hospitalini huendelea hadi shahada ya pili. Kwa hiyo, mzazi, usitumie bonasi yote mwaka wa kwanza.

Vyuo ni vingi. Chuo Kikuu cha Nairobi, Daystar na USIU-Africa hufundisha saikolojia. Moi, kule Eldoret, kimekuwa na saikolojia ya tiba. Lakini msichague kwa jina wala kwa majengo. Ulizeni maswali haya manne:

1. Je, kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Chuo kuwa na kibali hakutoshi.

2. Je, bodi ya washauri na wanasaikolojia inaitambua? Sheria ya mwaka 2014 inataka anayefanya kazi hii asajiliwe na awe na leseni. Bila hiyo, cheti kitabaki ukutani.

3. Wanafunzi hufanya mazoezi wapi, na nani huwasimamia? Kusikiliza mtu aliyefiwa au anayefikiria kujiua hakufundishwi kwa vitabu pekee.

4. Gharama yote ni ngapi? Hesabuni karo, chumba, chakula na nauli. Chuo cha umma kupitia KUCCPS humwezesha mwanafunzi kuomba msaada wa serikali na mkopo wa HELB.

Chuo kilicho karibu hupunguza gharama, lakini hakikisheni kwanza kina kozi hii.

Kwa nini tunasisitiza? Mshauri asiyefunzwa vizuri anaweza kutoa siri ya mgonjwa, au asitambue hatari iliyo mbele yake. Huyo mgonjwa ni jirani yako.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, kijana, ongea na mwalimu wako wa ushauri nasaha, kisha uombe majibu ya chuo kwa maandishi.