Pedali Zinazoshika Kiatu: Namna ya Kuchagua Bila Kuliumiza Goti

Kutoka Morogoro mjini hadi Mzumbe, barabara ya Iringa humruhusu mwendesha baiskeli kukanyaga kwa mwendo mmoja bila taabu kubwa. Anayeiacha barabara hiyo na kushika njia ya Mlali kwenda Mgeta hukutana na hali nyingine: miinuko ya Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake kirefu, Kimhandu, kinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, ilhali mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Katika njia zote mbili goti ndilo linalobeba kazi. Mtu anayekanyaga mizunguko 80 kwa dakika hukunja na kukunjua kila goti mara 4,800 kwa saa moja. Mguu uliokaa vibaya kidogo tu hulirudia kosa hilo mara 4,800.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kununua pedali mpya za baiskeli ya mbio asianze kwa kuuliza uzito wala bei. Aanze kwa kuuliza zitaliachia goti lake nafasi gani, na mguu utachomoka kwa wepesi gani pale atakapolazimika kusimama ghafla.

Zinavyofanya kazi

Chini ya kiatu maalumu hufungwa kipande kidogo cha plastiki ngumu au chuma, ambacho hapa kitaitwa klipu. Klipu hubanwa na springi ya pedali mguu unapokanyaga, na huachiliwa kisigino kinaposukumwa kwenda nje. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilianza kuuza pedali za namna hii mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault alizitumia kushinda mashindano ya Tour de France. Kabla ya hapo wanamichezo walifunga miguu kwa mikanda, ambayo ilibidi kulegezwa kwa mkono kabla ya kushuka.

Faida yake ni kwamba mguu hauteleze na hukaa mahali palepale. Hasara yake imo katika faida hiyohiyo. Kwenye pedali bapa, wayo hujisogeza wenyewe kidogo kidogo goti linapochoka. Mguu uliobanwa hauna uhuru huo, na msokoto ambao wayo ungeupunguza hupanda hadi kwenye goti.

Nafasi ya kuzunguka

Ndiyo maana klipu nyingi huruhusu wayo kuzunguka kidogo, kushoto na kulia, kabla ya kuachiliwa. Nafasi hiyo hupimwa kwa digrii na hutambulishwa kwa rangi, lakini rangi hazifanani kati ya kampuni na kampuni. Kwa klipu za Shimano zenye skrubu tatu, njano ni digrii 6, buluu ni 2 na nyekundu ni sifuri. Kwa klipu za Look Keo, nyekundu ni digrii 9, kijivu ni 4.5 na nyeusi ni sifuri. Hivyo anayeomba klipu nyekundu bila kutaja kampuni anaweza kupewa nafasi kubwa kuliko zote au asipewe kabisa. Kwa anayeanza, na kwa aliyewahi kuumwa goti, nafasi kubwa ndiyo salama zaidi. Klipu ya sifuri haimfai.

Kuna pia suala la umbo. Pedali za skrubu tatu zina uso mpana, lakini klipu zake hutokeza chini ya soli, hivyo kutembea nazo ni shida na huchakaa haraka. Pedali za skrubu mbili, zilizobuniwa kwa baiskeli za milimani, hutumia klipu ndogo iliyozama ndani ya soli. Mtu anayepita barabara za udongo za Uluguru, ambaye mara kwa mara atashuka na kusukuma, atazipenda hizi zaidi, maana hazisumbuliwi sana na matope. Anayenunua pedali za mtumba ahakikishe kwanza kwamba klipu zake zinapatikana, kwa kuwa klipu ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye pedali ya nyingine.

Kufunga na kujifunza

Klipu hukaa chini ya sehemu pana ya wayo, nyuma ya vidole. Ikisogezwa mbele mno, kano ya kisigino na shavu la mguu huelemewa. Ili kupata mwelekeo wake, mtu akae juu ya meza miguu ikining'inia, kisha aangalie vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Fundi akumbuke kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa.

Springi ianze ikiwa imelegezwa. Ajali ya kawaida ya mgeni wa pedali hizi hutokea baiskeli ikiwa imesimama: anasahau kuchomoa mguu, anaanguka ubavu, ananyoosha mkono na kuvunja kifundo cha mkono au mtulinga. Mazoezi ya kuchomoa yafanyike kwanza uwanjani, kwenye nyasi, na si barabarani penye malori.

Kwa wagonjwa na wahudumu wa afya

Mwenye mifupa dhaifu au asiye na mizani nzuri ya mwili abaki na pedali bapa. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia za miguu hatatambua kiatu kinapombana, hivyo aongee kwanza na mhudumu wake, na akague nyayo kila anaporudi. Mkulima anayeshusha ndizi mjini kwa baiskeli ya mizigo hana hasara kwa kukosa pedali hizi, kwani yeye huhitaji kuweka mguu chini wakati wowote.

Mhudumu anayempokea mwendesha baiskeli mwenye maumivu ya goti amuulize maswali matatu: kiti kina urefu gani, pedali ni za aina gani, na ni kitu gani kilibadilishwa kabla maumivu hayajaanza. Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno. Ya nyuma hutokana na kiti kilicho juu mno. Ya ubavuni yaelekeze jicho kwenye pembe ya klipu. Pedali inapokuwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa digrii 25 hadi 35.

Lakini goti lililovimba, lenye joto, linalokwama au lisiloweza kubeba uzito halitibiwi kwa spana. Huyo apimwe kwanza hospitalini, na baiskeli isubiri.