Gari Lisilovuta Hewa Halivuti Mzigo

Wahenga walinena kwamba nguvu za mamba ni maji. Lau wangaliishi katika enzi hii ya magari, huenda wangaliongeza kwamba nguvu za injini ni hewa. Watu wengi hudhani kwamba gari huendeshwa na petroli peke yake, na kwamba atakaye kasi zaidi hana budi kuongeza petroli zaidi. Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli katika mambo ya mitambo huweza kuangamiza mali na roho za watu.

Nia ya makala haya ni kuichunguza gesi ambayo vijana wetu huiita "nitro". Wengi waliiona mara ya kwanza katika filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001, ambamo dereva hubonyeza kitufe na gari likachomoka kama mshale. Filamu haikuwaeleza yatokeayo ndani ya silinda wakati huo, na ndilo jambo ambalo kijana atamaniye kuibadilisha injini yake anapaswa kulijua kwanza.

Tuchukue mfano wa mji wa Isiolo, ulio takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kaskazini mwa mji kuna barabara ya lami ya kilomita 136 hadi Merille, ambayo katika miaka ya 2010 iliendelezwa hadi Moyale. Kwa dereva mwenye haraka, nyanda zile pana ni kishawishi kikubwa. Kusini, barabara hupanda hadi Timau, zaidi ya mita 2,000. Kila unapopanda mita 1,000, injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Hapo ndipo mwenye pikapu iliyosheheni mizigo humwendea fundi na kulalamika: "Gari halivuti."

Naomba msomaji alitafakari neno hilo. Katika Kiswahili, kuvuta ni kukokota mzigo. Tena kuvuta ni kuingiza hewa kifuani. Wasemaji wa lugha hii wameyaweka mambo mawili katika kitenzi kimoja, na sayansi ya injini inakubaliana nao: gari lisilovuta hewa ya kutosha halivuti mzigo. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue barabara. Ukizidisha petroli bila kuzidisha hewa, utapata moshi mweusi na gharama.

Gesi tunayoizungumzia ni nitrasi oksidi. Joseph Priestley aliitengeneza mwaka 1772, na Humphry Davy akachapisha habari zake mwaka 1800, baada ya kuivuta mwenyewe na kuona jinsi inavyomchekesha mtu. Kwa sababu hiyo iliitwa gesi ya kucheka, na hadi leo hutumiwa na matabibu kupunguza maumivu. Kwa uzito, takriban asilimia 36 yake ni oksijeni, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 23 tu. Ikiingia katika joto la silinda huvunjika na kuiachilia oksijeni hiyo. Aidha, inapotoka mtungini ikiwa kioevu na kugeuka mvuke, huwa baridi mno, na hewa baridi huwa nzito zaidi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliitumia katika ndege zao za kivita zilizopaa juu sana, mahali ambapo injini hukosa pumzi. Tatizo lao lilikuwa lile lile la pikapu inayopanda Timau.

Hapa ndipo jina "nitro" linapopotosha. Jina hilo limevishwa vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni nitrogliserini, kilipuzi alichokigundua Ascanio Sobrero mwaka 1847. Cha pili ni nitromethani, mafuta yanayochomwa katika magari ya mashindano ya masafa mafupi huko Marekani. Cha tatu ni gesi hii, ambayo haishiki moto yenyewe ila huufanya moto wa kitu kingine uwake kwa ukali. Kijana anayedhani kwamba nitro ni mafuta huiongeza peke yake. Basi oksijeni huzidi, petroli hupungua, joto hupanda, na pistoni ya alumini huyeyuka kabla dereva hajatambua kwamba injini inagonga. Kosa la msamiati huwa limekuwa kosa la chuma.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya usalama ni kwamba kila kipimo cha gesi kiandamane na kipimo chake cha petroli. Ipo mitambo inayonyunyizia gesi na petroli pamoja, na ipo inayonyunyizia gesi tu na kuiachia pampu ya gari kazi ya kuongeza mafuta. Katika namna zote mbili, pampu dhaifu au chujio lililoziba ni hatari. Kanuni ya pili ni kuanza na kidogo: kwa injini ndogo ya silinda nne iliyo nzima, mafundi wenye uzoefu hawavuki nyongeza ya nguvu za farasi 50. Kanuni ya tatu ni kuchelewesha cheche kwa nyuzi chache na kutumia plagi zinazopoa upesi, kwa kuwa mchanganyiko huo huungua kwa kasi zaidi. Kanuni ya nne ni kutoifungua gesi injini inapozunguka polepole. Hufunguliwa pale tu kikanyagio cha mafuta kimefika chini kabisa, na swichi ya kuikata iwepo endapo shinikizo la petroli litashuka.

Mtungi nao una masharti yake. Kwenye nyuzi 20 za selisiasi, shinikizo ndani yake ni takriban mara 50 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Joto likipita nyuzi 36.4, gesi haiwezi tena kubaki kioevu, na shinikizo hupanda kwa kasi. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Isiolo adhuhuri hulipita joto hilo kwa urahisi. Mtungi usipashwe moto kamwe, vifungo vyake visipakwe grisi wala oili, na vali yake ya usalama iwe na bomba la kuitoa gesi nje ya gari. Tarehe 26 Julai 2007, huko Mojave, California, watu watatu waliuawa na mlipuko wa gesi hii katika jaribio la mtambo wa roketi, ingawa hakuna moto uliokuwa umewashwa. Waliokufa walikuwa wafanyakazi wa fani hiyo, wala si wanagenzi.

Hata yote hayo yakitimizwa, mahali pa gari la namna hiyo ni uwanja wa mashindano. Injini ikiongezwa nguvu, breki na magurudumu hayaongezeki nguvu pamoja nayo, na ngamia avukaye barabara usiku hajui kwamba gari linalomjia limefungwa mtungi. Mwenye pikapu ya mizigo atanufaika zaidi akisafisha chujio la hewa lililojaa vumbi, akabadilisha plagi, na kupima mgandamizo wa kila silinda. Mara nyingi, nguvu anazozitafuta dukani zimezibwa na vumbi ndani ya gari lake mwenyewe.

Kwenu walimu, ombi langu ni moja. Mwanafunzi hukariri darasani kwamba oksijeni husaidia kuungua, kisha jioni hupita mbele ya gereji asitambue kwamba somo ni lile lile. Fundi naye hulijua jambo kwa mikono bila kupewa maneno ya kulielezea. Tuwaunganishe kwa Kiswahili sahihi. Mwalimu wa kemia aanze na swali ambalo kila mtoto wa Isiolo amelisikia kwa dereva: kwa nini gari halivuti? Kijana atakayeweza kulijibu swali hilo kwa ufasaha atajua pia wakati wa kuuacha mtungi dukani.